Miezi Ambayo Papa Alilala Barazani

Juma lililopita nilinunua sambaza wabichi sokoni, nikawaanika juu ya bati nyuma ya nyumba kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Kufikia saa sita harufu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mapazia. Binti yangu akafunga madirisha yote, akaniuliza kwa nini nahangaika na samaki wanaonuka hivyo wakati nyama imejaa kwenye friji. Nilikuwa nimesimama katikati ya ua, mikono inanata, na nilikuwa na furaha ambayo ningeona haya kumweleza. Kwangu mimi, sambaza wanaokauka juani hawanuki samaki. Wananukia baba yangu akinenepa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Cyangugu, kule chini karibu na ziwa, mnakumbuka ilivyokuwa miaka ile. Kila familia ilikuwa imefika kutoka mahali fulani. Sisi tulitoka Bukavu, ng'ambo tu ya maji, upande wa Kongo, ambako wazazi wangu walizaliwa, wakaoana na kutuzaa, huku babu na bibi wakiwaambia kila Noeli kwamba kwetu si pale, ni upande huu. Vita vilipokwisha upande huu, tukavuka daraja la Rusizi na magodoro kichwani. Nyumba tuliyopewa ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, ina baraza pana la saruji na mlango wa bluu. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, ya kupimia urefu wa watoto ambao hatukuwajua. Nilipouliza wako wapi, Maman alisema, "Faida, wacha." Papa, baba yetu, alipopaka chokaa nyumba nzima, mwimo ule aliuruka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani chokaa ilimwishia.

Papa alikuwa dereva wa lori. Kwa kweli, mpaka umri ule nilikuwa nimemjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso, mgongo unaopanda kwenye kabini na kupotea. Alikuwa anarudi baada ya wiki tatu, analala siku nzima, Maman anatunyamazisha mimi na mdogo wangu Mapendo, kisha anaondoka tena. Tulimpenda kama watu wanavyompenda mgeni anayeleta machungwa.

Siku moja akarudi bila lori. Nilimwona akishuka kwa miguu kutoka mjini Kamembe, polepole, akisimama kila baada ya hatua chache na kugeukia ziwa. Nikamkimbilia.

"Papa, unaangalia nini?"

"Naangalia maji, mwanangu," akasema. "Ni mazuri leo."

Nikasimama naye kuangalia maji. Nilifurahi kwamba baba yangu, mtu wa barabara, kumbe anapenda ziwa kama mimi. Sikuona kwamba mkono wake mmoja umeshika mbavu, wala kwamba suruali yake imefungwa kwa kamba.

Kikohozi chake hakikuwa kama vikohozi vya watu wengine. Kilianza chini sana, kama mtu anayesogeza kabati, na kilipokwisha Papa alikuwa anafuta midomo kwa kitambaa na kukikunja haraka kabla hatujaona. Maman alimpeleka dispensari. Kesho yake Masera Yuliana akaja mwenyewe nyumbani. Alikuwa mtawa na muuguzi pale dispensari, mwanamke mfupi, mwenye sauti ambayo ingeweza kupanga jeshi. Aliingia chumba cha wazazi wangu, akatoka, akaangalia baraza, akaangalia ziwa.

"Huyu Papa hawezi kulala humu na batoto," akamwambia Maman. "Chumba iko na giza. Kitanda itoke kwa baraza, apate mupepo, apate jua. Na akule. Mayayi, maharagi, soja, sambaza kila siku. Dawa bila chakula ni bure."

"Watu watamwona, Masera," Maman akasema kwa sauti ndogo.

"Bamuone. Bamuone vile anapona."

Hivyo ndivyo kitanda cha wazazi wangu kilivyotoka nje, na miguu yake minne ikakaa barazani miezi na miezi. Papa alipewa kikombe chake, sahani yake na kijiko chake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa isipokuwa Maman. Maman akachora mstari wa makaa sakafuni, hatua nne kutoka kitandani, akatuambia kwamba mtoto atakayeuvuka atajuana na yeye. Mapendo, aliyekuwa na miaka minne, alilia siku mbili akitaka naye apewe kikombe chake peke yake. Aliona Papa ametukuzwa.

Majirani walijua haraka. "Igituntu," walinong'ona, maana hilo ndilo jina la kifua kikuu kwa Kinyarwanda, na wakaanza kupita njia ya juu badala ya kupita mbele ya baraza letu. Ni mtu mmoja tu ambaye hakuacha kuja, Maman Solange, Mshi kwa kabila, kutoka upande wa Bukavu, aliyekuwa akikausha sambaza kando ya nyumba yetu. Kila mchana alituletea bakuli moja, akaliweka kwenye ngazi, akamsalimia Papa kwa sauti kubwa kama vile Papa alikuwa kiziwi badala ya mgonjwa wa kifua. Kwaya ya kanisani nayo ilikuja, ila iliimba ikiwa nje ya ua, nyuma ya uzio wa miyenzi. Waliimba wimbo mzito, wa polepole sana. Papa alisikiliza ubeti mmoja, kisha akanyanyua mkono.

"Bamaman, aksanti sana. Lakini hamuna mwingine wa mbio kidogo? Huu unanizika."

Mmoja akacheka, wote wakacheka, wakaanza wimbo wa mapambio ambao Mapendo aliucheza mpaka akaanguka kwenye majani. Baadaye niliona mama wawili kati ya wale wameanza tena kupita njia ya chini, mbele ya baraza.

Sasa niseme jambo ambalo nimewahi kulisema mara chache, kwa kuogopa kueleweka vibaya. Ile ilikuwa miezi mizuri kuliko yote ya utoto wangu. Nilikuwa na baba mchana kutwa. Nikitoka shuleni nilimkuta, amekaa kitandani na mto mgongoni, ananingoja. Tuliketi kwenye mstari wetu wa makaa, mimi na Mapendo, yeye upande wake, na tulizungumza mpaka Maman akauliza kama hatuna midomo ya kuchoka. Alinifundisha kugawanya kwa kutumia magunia ya mizigo. Alitufundisha kutambua mitumbwi ya injini kwa mlio tu, kabla haijazunguka rasi. Na mara nyingi alituendesha. Alishika usukani ambao haupo, akaingiza gia kwa mdomo, na kitanda kikaondoka: leo Butare, leo Bujumbura, leo Mombasa. Alitaja kila mlima, kila kona mbaya, kila mahali ambapo mama fulani anauza mahindi ya kuchoma. Katikati ya mlima alikuwa anasimama, anafumba macho, kifua kinapanda na kushuka.

"Injini imepata moto," alikuwa anasema. "Tungoje ipowe."

Tulingoja. Mapendo alikuwa anajifanya anamwaga maji kwenye rejeta. Niliamini kabisa kwamba lile lilikuwa sehemu ya mchezo, na nilimsifu moyoni kwa kujua kuigiza lori zee vizuri namna ile.

Kitu kibaya kilikuwa dawa. Zilikuwa nyingi, zilinywewa asubuhi kabla ya kula, na zilimtapisha. Katika wiki ya kwanza Maman alikuta vidonge viwili chini ya godoro. Masera alipopata habari alikuja mbio, akamwambia Papa maneno ambayo sikuwahi kusikia mwanamke akimwambia. Tangu siku hiyo ikawa sheria kwamba lazima mtu amwone akimeza, na afungue kinywa, na mtu huyo atie alama kwenye kadi. Kazi hiyo ilikuwa ya Maman.

Maman ndiye pia aliyetulisha. Siku tatu kwa juma alinunua nyanya na kabeji kwa wakulima waliotoka Gitambi, akavuka nazo daraja la Rusizi ya kwanza mpakani, akauza Bukavu, na kabla ya saa kumi alikuwa amerudi. Vita vya Kongo vilikuwa vinakuja na kwenda upande ule. Wakubwa waliongea habari zake kama watu wa mahali pengine wanavyoongea habari za mvua.

Jumatatu moja ya likizo, Maman akiwa amekwisha kuvuka, kabla ya saa nne, tulisikia milio ng'ambo ya maji. Papa akainua kichwa. Mapendo akauliza kama ni radi.

"Ni mashini," Papa akasema. "Banapasua mawe."

Muda si mrefu Maman Solange akaja akikimbia, kitenge kimelegea. "Papa Faida! Bamefunga mupaka! Hakuna muntu anavuka, hakuna anarudia!"

Papa akatuita mpaka kwenye mstari, akatuonyesha Bukavu, nyumba zilizoshuka mpaka kwenye maji. Alisema kwamba Maman yuko mtaa wa Nguba, kwa shangazi yetu, dada ya Papa, na kwamba nyumba ya shangazi ni ile yenye mti mrefu. "Munaiona? Maman iko pale anakula kuliko sisi." Nilitazama mti ule siku sita. Nilipokuwa mkubwa nilikwenda Nguba, nikaona kwamba nyumba ya shangazi haionekani kutoka kwetu, na kwake hakuna mti hata mmoja.

Jioni Maman Solange alitupikia fufu na mboga za lenga-lenga. Asubuhi Papa akaniita.

"Faida. Maman hayuko. Sasa weye njo muganga wangu. Dawa iko ndani ya mukebe, kila siku na karatasi yake. Unanipatia, unaniangalia, unatia alama. Utaweza?"

Nilisema nitaweza. Nafikiri nilikua sentimita mbili pale pale. Nilimpa maji, nikamhesabia vidonge kiganjani, nikamwambia afungue kinywa, nikachungulia mpaka kooni kama nilivyomwona Maman akifanya. Nikatia alama ya msalaba kwenye kadi, iliyonyooka kuliko zote.

Kisha nikafanya na kazi nyingine ya Maman. Choo chetu kilikuwa nyuma, juu ya ngazi za mawe, na asubuhi Papa hakuwa na nguvu ya kupanda, hivyo alitumia ndoo ndogo yenye kifuniko. Niliibeba nyuma ya nyumba, nikafungua kifuniko ili niimwage.

Mkojo ulikuwa mwekundu.

Mtoto wa wakati wetu alijua maana ya kitu chekundu. Nilikaa chini kwenye majani, ndoo mbele yangu. Papa anatoka damu ndani, na hatuambii. Nikafikiri, damu hii inaanzia wapi? Nikakumbuka vile vidonge. Vingi vilikuwa vyeupe, lakini kila karatasi ilikuwa na vile vinene viwili, vyekundu vya kuiva, rangi ile ile kabisa. Na ni baada ya kuvimeza ndipo alipokuwa akitapika. Mambo yote yakajipanga kichwani mwangu. Masera alikuwa amekosea. Maman hakuwepo. Muganga nilikuwa mimi.

Nilikwenda kwenye mkebe. Nilitoa vyekundu kutoka kila karatasi iliyobaki, nikavifunga kwenye ukurasa wa daftari, nikavifukia mchangani chini ya mtumbwi uliopinduliwa, ambao mwenyewe hakuwahi kurudi kuuchukua.

Jumatano asubuhi Papa alitazama kiganja chake. "Zile nyekundu ziko wapi, muganga?"

"Zimeisha," nikasema. "Masera atakuja na zingine."

Akaniangalia kitambo. "Sawa," akasema, akameza zilizobaki, akafungua kinywa.

Siku hiyo hakutapika. Alikula uji wote wa soja na sambaza mabakuli mawili. Na siku iliyofuata, nilipofungua kile kifuniko, mkojo ulikuwa karibu mweupe kama maji ya ziwa. Nilicheka peke yangu nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimemponya baba yangu. Nilimwambia Mungu asante, halafu nikamwambia asimwambie mtu mpaka Maman arudi, kwa sababu nilitaka kumwambia mwenyewe. Kweli, Alhamisi ile Papa alikohoa zaidi, na shati lake lilikuwa limelowa jasho. Hilo sikulitia hesabuni.

Masera Yuliana alikuja Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, na mkoba wake. Alichukua kadi, akasifu misalaba yangu. Kisha akaniuliza, bila kuinua macho:

"Mukojo ya Papa iko rangi gani?"

"Nyeupe, Masera," nikasema kwa majivuno. "Imepona."

Kalamu yake ikasimama. "Nyeupe tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilitoa zile dawa zenye zilikuwa zinamutoa damu."

Hakunikemea. Alifunga kalamu, akasema, "Nipeleke kwenye ziko."

Tulikwenda wote wawili mpaka kwenye mtumbwi. Alipiga magoti mchangani na kanzu yake nyeupe, tukafukua. Karatasi ilikuwa imelowa, vidonge vimevimba na kushikana. Masera akachota maji ya ziwa kwenye kifuniko cha chupa yake, akadondosha kidonge kimoja, akakisugua kwa kidole. Maji yakawa mekundu, kisha ya machungwa, yakatulia hivyo. Kidole chake pia.

"Hii ni damu?"

"Hapana."

"Ni rangi tu. Hii dawa ikiingia kwa muntu inapita mwili yote, inatokea ku mukojo, hata ku machozi. Siku siioni ile rangi, njo miye naogopa. Unasikia?"

Nilisikia. Nikashika ubavu wa mtumbwi. "Masera, nimemuua Papa?"

Hakuwa mwanamke wa maneno matamu. "Siku ine bila dawa," akasema. "Hapana, haujamuua. Lakini usirudilie."

Tuliporudi nilishindwa kupanda barazani. Nilisimama chini ya ngazi, machozi yananitoka, nikiyaangalia kwenye mkono kama nayo yana rangi. Masera alimweleza Papa mambo yote kwa sentensi tatu. Papa akaita, "Faida, kuja hapa," nami nikaja mpaka kwenye mstari.

"Masera," akasema, "usimulaumu huyu mutoto. Miye nilijua."

Masera akamgeukia.

"Nilijua siku ya kwanza. Ile dawa njo inanitapisha. Aliponiambia zimeisha, niliona ku macho yake kama anasema uongo, na nilifurahi. Nilisema, basi, nipumuzike kidogo. Yeye alikuwa anataka niishi. Miye nilikuwa nataka tu kula bila kutapika." Akanigeukia mimi. "Kosa ni yangu, mwanangu. Haiko yako. Umesikia?"

Nimekuwa mzazi mwenyewe sasa, na nimeona jinsi ilivyo rahisi kunyamaza wakati kama ule. Nilikuwa nimekwisha kukiri. Lawama ilikuwa imekwisha kukaa kwangu, na ningeibeba maisha yangu yote bila kumuuliza mtu. Angeweza kuiacha hapo. Badala yake aliivua mabegani kwangu mbele ya mtu aliyemwogopa kuliko polisi, akiwa na shati lililolowa na mikono myembamba kama ya mtoto.

"Muntu mukubwa!" Masera akalipuka. "Unakaa nyuma ya mutoto wa myaka tisa! Haya. Bote mbili, mufungule kinywa."

Alikuwa anamaanisha. Tulifungua vinywa wote wawili. Jumapili asubuhi alikuja tena kabla ya misa na dawa mpya mkononi, akatukagua tena wote wawili, mimi baada ya Papa, na nilisimama pale nimeachama, sina nilichomeza, huku Papa akijikaza asicheke.

Mchana ule ule mpaka ulifunguliwa. Maman aliteremka njia akikimbia, amevaa gauni la shangazi lililompwaya, beseni tupu mkononi. Mapendo alimng'ang'ania mguu. Kabla hajakaa, Papa akamwambia habari yote, bila kujisitiri. Maman akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika.

"Maman analia," Mapendo akatangaza.

Alipoondoa kitenge alikuwa na machozi kweli, lakini alikuwa anacheka, kicheko cha mtu ambaye hakujua kama bado anacho. "Siku sita," akasema, "siku sita nalala chini ya meza juu ya kuogopa masasi ya bunduki, naomba Mungu anirudishe ku batoto na bwana. Kumbe vita ilikuwa hapa!" Akanivuta, akanibana kifuani mpaka nikakosa pumzi, na jioni akanikabidhi kazi ya kuosha mboga.

Rangi nyekundu ilirudi kesho yake. Nilimwomba Maman aniache niimwage ndoo mimi, ili niione.

Papa alianza kupata nguvu taratibu. Ilikuwa kilo moja, kisha nusu, kisha mbili, na Masera alikuwa akitangaza kila kipimo njia nzima kwa majirani. Siku moja akasema makohozi ya Papa hayana tena vijidudu, watoto wanaweza kumkaribia. Maman akamwaga maji ya sabuni, akasugua mstari wa makaa mpaka saruji ikawa nyeupe. Mimi nilikwenda mbio. Mapendo alibaki amesimama pale pale mstari ulipokuwa, vidole vya miguu vimepangana, hakuna aliyeweza kumsogeza. Ilibidi Papa ashuke kitandani, aje mwenyewe, apige magoti mbele yake. Alimgusa kwanza pua, kama anayegonga mlango.

Baada ya hapo ndipo tulipofaidi. Papa alianza kunipeleka shuleni kwa mkono. Alijifunza kupika lenga-lenga, vibaya mno, na tulikula tukimsifu. Wanaume waliokuwa wakipita njia ya juu walianza kukaa kwenye ngazi zetu, kuongea habari za barabara na za ng'ambo. Mchana wa joto alikunja suruali, akaingia ziwani mpaka magotini, akabaki humo muda mrefu, maji yakimzunguka, mikono kiunoni, kama mwenye shamba anayekagua mazao. Sambaza wa Maman Solange hawakukoma. Nilimwona mikono ikijaa, shingo ikijaa, mpaka siku moja mkanda ukaanza kumbana na Maman akapiga vigelegele peke yake chumbani.

Dawa zilikwisha baada ya miezi minane. Masera alichukua kadi, akaiweka mkobani, akampa Papa mkono, basi. Kitanda kikarudi ndani. Masera alikuwa amemkataza kuendesha masafa marefu, hivyo Papa akapata kazi kule Muganza, kwenye stoo ya kiwanda cha saruji. Angeondoka Jumatatu na kurudi Jumamosi. Nyumbani ilikuwa sherehe. Maman alimpigia pasi mashati mawili.

Jumatatu ile niliamka, nikamwona amesimama mlangoni, amenyolewa, na begi begani. Alikuwa mzuri. Nilianza kulia kwa namna ambayo sikuwa nimelia alipokuwa mgonjwa.

"Eh! Unalia juu ya nini?" Maman akashangaa. "Muntu amepona, anaenda kazi, njo unalia?"

Mtoto atasemaje jambo kama hilo? Ningewaambia kwamba nilikuwa nimeomba miezi minane apone, na hakuna aliyenionya kwamba akipona ataondoka? Niliona haya. Nililia tu, kamasi mpaka mdomoni, nimeshika mwimo wa mlango.

Nadhani Papa alielewa, kwa sababu hakuniuliza chochote. Alishusha begi, akaliweka chini.

"Nitaenda kesho," akasema.

"Papa Faida! Kazi siku ya kwanza!"

"Nitaenda kesho, Maman Faida. Nitabaambia mutoto alikuwa mugonjwa."

Sikwenda shuleni siku hiyo. Tulishuka kwenye mawe, mimi, yeye na Mapendo, tukakaa miguu majini mchana kutwa, shati lake la pasi likachafuka, na hatukuongea jambo lolote la maana, ila kwamba kesho ataondoka nikiwa darasani, na atarudi Jumamosi. Mapendo alitafuta kaa, hakupata. Papa alisinzia kidogo, kichwa chake kwenye bega langu, kizito, na nilikaa wima bila kutikisika mpaka bega likafa ganzi.

Kesho yake aliondoka nikiwa darasani, kama tulivyokubaliana. Niliporudi nyumbani nilikula chakula changu chote, nikanawa, nikatoka kwenda kucheza.